Waya wa Tatu

Siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Mwalimu Valentin Havugimana aliipima meza ya katibu wa Biro ya Vipimo na Hati kwa mita ya chuma, akaandika katika daftari lake la miraba: urefu sentimita mia moja na arobaini, upana sabini, kimo sabini na sita. Kisha akaipima mara ya pili. Katika shule ya ufundi alikofundisha umeme kwa miaka kumi na tisa, aliwaambia wanafunzi kila mwaka kwamba kipimo cha kwanza ni cha macho na cha pili ndicho cha mkono. Mwenye meza, Mama Wivine Umuhoza, alikuwa ameinua miguu juu ya kiti kupisha kazi. Alikuwa akila muhindi wa kuchoma, na punje zilizoungua aliziweka kando ya mhuri wa serikali.

"Mwalimu, unajisumbuaka sana," alisema. "Haya yote juu ya karatasi moja?"

"Juu ya ile moja tu, Mama Wivine. Kama ningeomba mbili, ningekuya na seremala."

Karatasi yenyewe ilikuwa hati ya kiwanja namba 417, upande wa Munigi, mali ya mama yake mzazi, Mama Eugénie Nyiransengimana. Hati ya kwanza iliungua mwaka 2002, siku mto wa moto uliposhuka kutoka mlimani na kupita katikati ya Goma. Nyumba ilizikwa, mipaka ikazikwa, na mawe yalipopoa kilichobaki juu yake kilikuwa ncha ya bomba la choo, shubiri mbili hivi, ambayo Mama Eugénie alikwenda kuitazama kila Pasaka. Miaka mitatu iliyopita Mwalimu aliomba hati mpya. Safari ya kwanza aliambiwa kwamba biro haina karatasi, akaleta riamu mbili. Safari ya pili aliambiwa kwamba wino umekwisha, akaleta wino. Safari ya tatu ilionekana kwamba mashini ya kuchapa, ingawa sasa ilikuwa na karatasi na wino, haikuwa na mahali pa kuchomekwa, kwa kuwa prizi pekee ya jengo lile ilikuwa katika chumba cha shefu, na ilishughulika na birika la chai.

Mwalimu hakukasirika. Alikuwa na imani kwamba kikwazo kilichotajwa kwa jina ni kikwazo kinachoweza kuondolewa, na kwamba vikwazo, kama sura za kitabu, vina cha mwisho. Aliomba ruhusa ya kutengeneza kisanduku cha prizi kwa ajili ya meza ya katibu, akapewa ruhusa hiyo siku ileile, jambo lililomtia moyo.

Wakati huohuo, kule upande wa Munigi, mtu ambaye hakuna aliyetaka kumtaja alikuwa akijenga ukuta wa mawe kuzunguka kiwanja namba 417. Jumanne ile ukuta ulikuwa na safu mbili.

Kisanduku alikitengeneza nyumbani, katika moja ya vyumba viwili alivyopanga mtaa wa Mabanga pamoja na mama yake. Alichagua ubao wa libuyu, mti mgumu usiopindika, akakata vipande sita kwa msumeno wa meno madogo: viwili vya sentimita thelathini kwa kumi na mbili, viwili vya thelathini kwa nane, viwili vya kufunga ncha. Akavipiga randa, akavisugua kwa msasa mpaka Mama Eugénie, aliyekuwa akichambua maharage, akauliza kama kile kisanduku kitaolewa. Akatoboa matundu manne ya prizi, moja la swichi, moja la fyuzi, na moja dogo la kitaa chekundu cha kuonyesha kwamba umeme umefika. Mahali waya ulipoingilia aliupiga fundo kwa ndani, ili mtu akijikwaa na kuuvuta, fundo livutike wala si viungo. Waya mwekundu ulikwenda kwa mwekundu, wa buluu kwa wa buluu. Alipofika kwenye waya wa kijani wenye mstari wa njano alikata mita tatu nzima na kuzikunja vizuri kando.

"Na hii ya tatu inaendaka wapi?" Mama Eugénie aliuliza.

"Chini, Mama. Katika udongo. Umeme ukipotea njia, unapitia hapa unashuka. Hauui mutu."

"Mafundi wa hapa Mabanga banaikataka hii."

"Banaikata juu ya sababu chini yetu kuko mawe matupu, na kutoboa ni kazi. Lakini kitabu kinasema waya tatu."

Mama Eugénie alirudi kwenye maharage. Alitoa jiwe moja dogo jeusi, akalitazama, akalitupa nje ya mlango.

"Chini kule njo kuko bintu byetu yote," alisema. "Sahani siwazi tena. Ni ile taa. Ile siku nilitoka nikaacha taa ya salon inawaka. Nikasema, natoka kidogo tu, nitarudia kuizima."

"Mama, iliungua."

"Uliiona ikiungua?"

Mwalimu hakuwa ameiona, na kwa kuwa hakupenda kuthibitisha jambo asilolishuhudia, alikaza skrubu.

Jumatano alikibeba kisanduku hadi biro, akakifunga chini ya ubao wa meza kwa skrubu nne, akaanza kutoboa sakafu nyuma ya mguu wa meza kwa nyundo na mtaimbo mwembamba. Jengo lile, kama mengine ya sehemu ile ya mji, lilikuwa limejengwa juu ya mawe meusi ya mwaka 2002, na chini ya mawe lilikuwamo jengo la zamani la biro hiyohiyo. Shefu wa biro, Papa Bienvenu Niyigena, alikuja kutazama akiwa na kikombe mkononi. Alikuwa mtu mpole, mnene wa shingo, mwenye mafungu mawili ya funguo kiunoni, na alipotembea alisikika kama kengele za ng'ombe wanaorudi.

"Mwalimu! Unatafuta petroli?"

"Natafuta ardhi, Shefu."

"Ardhi? Si umesimama juu yake!"

"Nimesimama juu ya mawe."

"Bon. Toboa. Lakini vumbi isiingie mu chai."

Alitoboa siku tatu. Vumbi alilichota kwa kikombe na kulimwaga uani kwa mpango. Ijumaa, saa nne na nusu, kwenye kina cha mita moja na sentimita tisini, mtaimbo ulimponyoka na kuingia wote. Ulisikika ukianguka juu ya saruji. Zikafuata hatua za mtu aliyevaa viatu vya ngozi, na kikohozi kimoja. Mwalimu akauteremsha waya wa tatu ndani ya tundu. Mtu wa chini akauvuta mara mbili, kama afanyavyo fundi anayepima kama urefu unatosha, akaufunga. Kitaa chekundu cha kisanduku kikawaka.

Waya mwekundu na wa buluu zilikuwa bado hazijaunganishwa na kitu chochote. Ncha zake zilining'inia ukutani.

Mwalimu alichukua kipima-umeme, akapata volti mia mbili na ishirini kamili, kipimo ambacho kabla ya siku ile alikuwa amekiona vitabuni tu. Mama Wivine aliinama na kunusa tundu.

"Kunatoka harufu ya karatasi," alisema.

Shefu Bienvenu alifika na chai yake. "Aah. Ni Papa Laurent," alisema. "Laurent Ndagijimana, wa daftari ya viwanja. Alikuwaka biro ya zamani."

"Kwani hakustaafu?" Mwalimu aliuliza.

"Barua yake haikutokaka."

Kuhusu umeme maelezo yalikuwa mepesi vilevile. Ili umeme wa jengo ukatwe, lazima iandikwe barua ya kuomba ukatwe. Siku mto wa moto ulipopita, biro haikuwa na mtu wa kuandika barua hiyo, na baadaye hapakuwa na jengo la kuitaja. Kwa hiyo chini kule umeme haukuwa umekatika hata dakika moja kwa miaka ishirini na miwili. Mwalimu alifungua kitabu chake cha umeme kwenye ukurasa unaosema kwamba waya wa ardhi hupeleka hatari chini wala haupandishi nguvu juu. Akaandika pembeni kwa kalamu ya risasi: *Goma, kinyume.*

Jumatatu mashini ya kuchapa ilichomekwa, na kompyuta pia. Mama Wivine aliandika kwenye kompyuta ombi la hati ya kiwanja namba 417, akabonyeza, mashini ikavuta karatasi. Ilichoandika hakikuwa kile alichobonyeza. Ilikuwa karatasi yenye mwandiko wa mkono, herufi zilizolala upande wa kulia, wino wa buluu ambao ukiguswa ulichafua kidole: ukurasa wa kwanza wa daftari la viwanja, kiwanja namba 1, jina la mwenyewe, vipimo, majirani wa pande nne. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: *Mhifadhi wa daftari anaomba kwa heshima ruhusa ya kutoka kazini. L. Ndagijimana.* Kisha ikatoka namba 2. Kisha namba 3. Saa sita ilisimama, harufu ya maharage ikapanda kwenye tundu, na saa saba ikaendelea. Jioni zilikuwa zimetoka kurasa ishirini na tano.

"Ni polepole," alisema Mama Wivine siku ya pili. "Mwalimu, tumuandikie kakaratasi tukunje, tukaingize mu tundu. Aruke, akupe 417 yako leo."

Mwalimu alifikiri. Asubuhi ile alikuwa amepitia upande wa Munigi, na ukuta ulikuwa na safu nne.

"Hapana," alisema. "Leo mimi nikiruka namba mia nne, kesho mutu mwingine ataruka mia tano. Tufuate utaratibu."

"Ukuta nayo inafuata utaratibu?"

Mwalimu alipiga hesabu daftarini: kurasa ishirini na tano kwa siku, namba 417 ingetoka siku ya kumi na saba ya kazi. Aliandika tarehe akaipigia mstari. Karatasi ndogo iliyokunjwa haikuteremshwa, na mtu wa chini, ambaye pengine angekubali, hakuulizwa.

Habari zilienea Katindo na Mabanga, watu wakaja. Walipanga foleni kwa namba za viwanja vyao bila kusukumana, kwa sababu mashini haikuwa na mlango wa nyuma. Wengi hawakuwa na cha kuchaji simu nyumbani, hivyo prizi mbili zilizobaki zilijaa simu, na simu ya shefu ilikuwa juu ya zote. Mama Wivine alizisoma kurasa kwa sauti zilipotoka. Alipofika namba 88 alisoma jina la mjane aliyeuza makaa kando ya barabara, mbele ya jengo la ghorofa tatu lililosimama juu ya namba 88.

"Njo mimi," alisema mjane. Aliupangusa mkono kwenye kitenge, akaunyoosha kuipokea karatasi.

"Ni wewe kabisa, Mama," alisema Shefu Bienvenu kutoka mlangoni. "Lakini hii ni karatasi ya chini. Tuko juu. Lazima ithibitishwe."

Alikwisha kuiandaa njia ya kuthibitisha. Aliunda kamati ya watu watatu, ambayo yeye alikuwa mwenyekiti na wajumbe wawili wangeteuliwa baadaye. Alichongesha mhuri unaosema IMEPOKELEWA KUTOKA CHINI. Akanunua kabati la chuma lenye kufuli, na ufunguo wake akauongeza kiunoni. Kila ukurasa ulipigwa mhuri, ukaingizwa kabatini, na mwenyewe akaambiwa arudi siku nyingine. Mjane alirudi kwenye makaa yake. Foleni ilimsifu shefu kwamba angalau kurasa hazilali chini kama za biro nyingine.

Mama Wivine alikuwa na moyo mwepesi, na ule mstari wa mwisho wa kila ukurasa ulianza kumkosesha raha. Siku ya sita aliupeleka chumbani kwa shefu.

"Shefu, huyu muzee anaomba ruhusa. Mara mia moja na arobaini sasa."

"Anaomba muzuri, kwa adabu. Lakini akitoka, nani atashika waya?"

Shefu aliandika kwenye kipande cha karatasi neno *Asubiri*, akatia sahihi, akapiga mhuri. Mama Wivine alikikunja kama sigara, akakiteremsha, na pamoja nacho akateremsha biki mbili mpya na peremende, kwa kuwa tundu halikuweza kupitisha kitu kinene zaidi. Kuanzia ukurasa uliofuata mstari ulibadilika: *Mhifadhi wa daftari anasubiri. Anashukuru kwa peremende.*

Kwenye namba 200 ukuta ulikuwa na safu saba. Kwenye namba 300 ulifungwa geti la chuma. Kwenye namba 375 ndani ya geti ilionekana nyumba ya mbao ya vyumba vitatu, yenye mabati ya buluu, ya aina ile inayosimamishwa kwa wiki moja juu ya mawe. Kila jioni Mama Eugénie aliuliza wamefika namba gani, na Mwalimu alimjibu namba mbili: ya ukurasa na ya safu.

"Na ulikataa kuruka," alisema jioni moja, bila kuinua sauti.

"Nilikataa, Mama."

"Baba yako pia alikuwaka hivyo. Siku ya moto alifunga mlango na ufunguo, akarudia kuangalia kama umejifunga. Moto iko pale kwa kanisa, yeye anatikisa kitasa."

Siku ya kumi na saba, saa nane na dakika ishirini, ilitoka namba 417. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya foleni akiwa amevaa koti. Mama Wivine alisoma kwa sauti, kama alivyozisoma nyingine.

"Kiwanja namba mia nne na kumi na saba. Mita makumi mbili kwa makumi mbili na tano. Mwenyewe: Nyiransengimana Eugénie." Akageuza karatasi, kwa sababu ukingoni kulikuwa na maandishi yaliyokwenda kutoka chini kwenda juu. "*Tarehe kumi na nne Januari 2002. Karani kijana B. Niyigena ameniomba niutoe ukurasa huu katika daftari. Nimekataa. Tarehe kumi na saba Januari, saa tisa alasiri. Biro imefungwa kwa nje nami nikiwa ndani. Ufunguo ameondoka nao B. Niyigena.*"

Mashini ilianza kuvuta karatasi ya namba 418. Mwenye namba 418 alisogea hatua moja, kisha akarudi nyuma kwa adabu.

Shefu Bienvenu alivaa miwani, akausoma ukingo mara mbili, akaanza kupekua mafungu ya kiunoni, ufunguo mmoja baada ya mwingine, mpaka akaupata: mrefu, wa shaba, umechakaa meno.

"Ni kweli," alisema. "Iko hapa. Miaka makumi mbili na mbili, sijaipoteza."

Watu wa foleni walitikisa kichwa. Ni mara chache mali ya serikali hutunzwa hivyo. Mzee mmoja aliomba kuushika, akaupima uzito kiganjani, akaurudisha. Mlango wake ulikuwa mita mbili chini ndani ya jiwe, na hakuna aliyependekeza utafutwe. Shefu alipigilia msumari ukutani, juu ya kisanduku cha prizi, akautundika hapo ili kila mtu auone.

Mwalimu Valentin alisubiri mpaka nyundo iliposhushwa.

"Shefu, karatasi iko. Wino iko. Courant ya umeme iko. Ukurasa uko. Inabaki sahihi yako."

"Inabaki hiyo tu," alikubali Shefu. "Lakini Mwalimu, hapa kelele ni nyingi. Dosye nzito ninasainiaka nyumbani, kwa meza yangu. Na kule kwa meza hakuna prizi, hata taa siwezi kuwasha. Nitengenezee kisanduku kama hiki. Ule waya ya tatu, usiisahau."

"Nyumbani ni wapi, Shefu?"

"Upande wa Munigi. Utaiona tu, ukuta ni mupya. Kuko na kabomba kametokeza mu mawe, karibu na geti. Angalia usijikwae."

Mwalimu aliandika: *upande wa Munigi, ukuta mpya, bomba.* Mkono wake ulisimama kidogo juu ya neno la mwisho. Mama Wivine alikuwa akimtazama. Mashini ikatoa namba 419.

"Mwalimu," alisema Mama Wivine taratibu, "usiende."

"Kikwazo kimetajwa, Mama Wivine," alisema Mwalimu. "Ni kimoja tu."

Kisanduku cha pili kilikuwa bora kuliko cha kwanza. Pembe zake ziliungwa kwa meno ya mbao bila msumari, na kila prizi ilikaa sawasawa na mwenzake. Mama Eugénie alikiona kikikauka rangi dirishani na hakuuliza kama kitaolewa. Aliuliza tu kinakwenda wapi, akaambiwa.

Katika nyumba ya mabati ya buluu Mwalimu alitoboa siku mbili. Jiwe la pale lilikuwa jembamba kuliko la mjini. Kwenye mita moja na nusu mtaimbo uliingia, na safari hii alikuwa ameufunga kamba. Aliuvuta, akalala kifudifudi, akaweka jicho kwenye tundu. Aliona sebule. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za mananasi, na juu yake sahani nne zilizofunikwa kwa sahani nne. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Kwenye dari, taa ya mviringo ya wati sitini ilikuwa inawaka. Hapakuwa na mtu wa kuufunga waya, kwa hiyo aliuteremsha polepole, akiuelekeza kwa mkono, mpaka ncha yake ikagusa shingo ya taa, na hapo ukashika wenyewe. Kitaa chekundu cha kisanduku kikawaka.

Alipoeleza nyumbani, Mama Eugénie aliacha kijiko.

"Inawaka?"

"Inawaka, Mama."

"Nilikuambia. Na sahani?"

"Nne. Zimefunikwa."

"Basi inzi hawakuingia," alisema, akaendelea kula.

Alhamisi, saa tisa alasiri, Shefu Bienvenu aliketi nyumbani kwa meza yake mpya, Mwalimu akiwa amesimama mbele yake. Alichomeka taa ya meza, birika, na simu mbili. Vyote vilifanya kazi. Alifungua dosye ya namba 417, akasoma kila karatasi kuanzia ya kwanza, akilowesha kidole, na kwa hakika hakuna karatasi aliyoiruka. Kisha akachukua kalamu na kuandika chini ya ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko mzuri: *Imeonekana kwamba mwombaji haishi kwenye kiwanja anachokiomba.* Akatia sahihi. Akaugeuza ukurasa ili Mwalimu asome mwenyewe.

"Pole sana," alisema. "Si mimi, Mwalimu. Ni sheria. Mutu wa kukaa hapa njo anapataka hati ya hapa. Alete tu cheti ya makao."

"Cheti ya makao inatoka wapi, Shefu?"

"Kwa mwenye nyumba."

Mwalimu alisoma ile sentensi mara ya pili, ambayo ndiyo ya mkono. Ilikuwa sahihi. Aliandika katika daftari la miraba: *cheti cha makao, kwa mwenye nyumba*, akakusanya bisibisi zake kwa kufuata ukubwa, akaaga.

Kule biro Papa Laurent alimaliza daftari kwenye namba 612, na kwa kuwa hakuna aliyempa kazi nyingine, akaanza tena kwenye namba 1. Kabati la pili la chuma lilinunuliwa. Umeme haujakatika hata siku moja, na biro nyingine mbili zimekwisha kumwandikia Mwalimu Valentin kumwomba azitengenezee visanduku, pamoja na waya wa tatu.

Jumapili baada ya misa Mama Eugénie hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipanda kwa miguu upande wa Munigi, kitenge cha kanisani kimefungwa vizuri, mpaka kwenye geti. Ncha ya bomba ilikuwa pale, imepakwa rangi nyeupe ili magari yaione. Kupitia upenyo wa geti aliona dirisha, na ndani ya dirisha taa ya meza inayowaka, ingawa ilikuwa saa tano na jua lilikuwa kali juu ya mabati. Hapakuwa na mtu mezani. Mlinzi alitoka na daftari la wageni lenye safu tano.

"Jina, Mama?"

"Nyiransengimana Eugénie."

"Unatoka wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa chini."

Mlinzi aliandika *Chini*. Sehemu nyingi za Goma zina jina la namna hiyo. "Unakuya kuona nani?"

"Si mutu. Ni taa. Niingie niizime, nitoke."

"Shefu ameenda mu mukutano, Mama. Siwezi kukuingiza. Niandike sababu gani?"

"Andika: akimaliza kazi yake, azime. Mi nilitoka kidogo tu."

Mlinzi aliandika hivyo, polepole, maneno yakijaa safu na kuingia ya jirani. Ilibaki safu ya mwisho.

"Saa ya kutoka?"

Mama Eugénie hakuhitaji kufikiri. "Saa kumi," alisema. "Siku ya moto."

Mlinzi alitazama saa yake, akamtazama na yeye, akaandika saa kumi, kwa kuwa safu iliachwa kwa ajili hiyo. Akaligeuza daftari, akampa kalamu, akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo wageni hutia sahihi.

Akatia sahihi.